Mwanatimu Aliyelala: Mwongozo Kamili wa Kumrudisha Kazini Katika Biashara ya Mtandao

Kiongozi wa biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa za kampuni na kusajili wauzaji wengine chini yake, akifungua ripoti ya timu yake, kwa kawaida hukuta majina mengi na kazi kidogo. Wengi hukimbilia maneno: sauti ndefu kwenye kundi la WhatsApp, picha za magari, semina nyingine. Kundi linachangamka siku mbili tatu, kisha kimya kinarudi palepale. Haishangazi. Wengi waliolala hawakuishiwa ari, waliishiwa wateja, au hawakuwahi kuwa nao kabisa, na mwezi baada ya mwezi fedha ikawa inatoka mfukoni bila kurudi. Ukimpa mtu huyo hotuba, unamsukuma anunue tena bidhaa ambazo hana pa kuziuza.

Kwa hiyo kazi ni tatu, na zina mpangilio: kujua kwa nini kila mmoja alisimama, kumrudisha kwa mauzo madogo ya kweli yule anayetaka kurudi, na kumwachia kwa heshima asiyetaka.

Hatua ya 1: Orodha kwanza, simu baadaye

Ingia kwenye akaunti yako ya kampuni, fungua ripoti ya timu, na uhamishe majina yote kwenye daftari au lahajedwali. Kwa kila jina andika tarehe ya kujisajili, tarehe na kiasi cha oda ya mwisho, idadi ya wateja wake walio nje ya timu, watu aliowasajili mwenyewe, na siku mliyozungumza mara ya mwisho nyinyi wawili. Ujumbe wa kundi hauhesabiki. Safu ya wateja ndiyo itakayokuwa na mapengo mengi, na mapengo hayo yenyewe ni nusu ya jibu.

Usitegemee neno "hai" kama mfumo wa kampuni unavyolitumia. Kwenye mfumo, aliye hai ni aliyefikisha pointi za mwezi, zinazotokana na oda zake, hata kama bidhaa zote amezinunua mwenyewe na maboksi yanazidi kupanda kabatini. Kwa orodha yako, aliye hai ni yule aliyemuuzia angalau mtu mmoja wa nje ya timu ndani ya siku 30 zilizopita. Ukipima hivyo utagundua kwamba baadhi ya unaowaita nguzo za timu wako hatua moja tu kabla ya kulala.

Kabla ya kumgusa yeyote aliyelala, tazama chini yake, kwa watu aliowasajili. Mara nyingi kuna mtu anayefanya kazi chini ya mdhamini (aliyemsajili) aliyelala: anauza, ana maswali, na hana wa kumuuliza. Huyo ndiye wa dharura. Mpigie leo, mpe namba yako, mweke kwenye ratiba ya mafunzo. Kwa adabu, mjulishe mdhamini wake kwa mstari mmoja tu: "Namsaidia fulani kwa sasa, ukirudi tutaendelea pamoja." Usiombe ruhusa kwa wiki tatu huku mtu anazama.

Kisha chagua watu 5, wasizidi. Kila mmoja atakula muda: simu ya dakika 20, kikao cha dakika 45, ufuatiliaji wa dakika 8 mara kumi, na saa moja ya kumsindikiza kwa wateja. Jumla ni dakika 205, kama saa tatu na nusu. Watu watano ni saa 17. Kiongozi anayetangaza kuamsha watu arobaini kwa mpigo huishia kutuma ujumbe uleule kwa wote, na wote huutambua.

Anza na waliolala ndani ya siku 90, na miongoni mwao wale waliowahi kuwa na mteja hata mmoja. Aliyelala miaka miwili bila mauzo yoyote anaweza kusubiri.

Hatua ya 2: Soma alama kabla ya kuuliza

Ripoti inasema mengi kabla mtu hajafungua mdomo.

Oda moja tu, ya kifurushi cha kuanzia, na wateja sifuri: huyu hakulala, hajawahi kuamka. Aghalabu hakuna aliyekaa naye wiki ya kwanza. Mfundishe kama mgeni, wala usimwambie "rudi" mahali ambapo hakuwahi kufika.

Purukushani za wiki mbili, kisha kukatika ghafla: alianza na ndugu na marafiki, akatumia maneno aliyotumiwa na apulaini yake (aliye juu yake kwenye timu), watatu wakakataa na mmoja akacheka. Hapa kuna aibu, na aibu haitibiwi kwa kuambiwa "usikate tamaa". Anahitaji kubadilishiwa watu wa kuanza nao na maneno ya kuanza nayo.

Oda kubwa ya kwanza, halafu hakuna kitu: alishawishiwa anunue kupanda ngazi au kupata bonasi ya kuanza haraka. Bidhaa zimekwama ndani na kila anapoziona anakukumbuka wewe.

Oda za kila mwezi za kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa, zote katika siku mbili tatu za mwisho wa mwezi, halafu zikakoma: alikuwa ananunua pointi ili asipoteze nafasi. Alama hii ikionekana haina ubishi. Mtu huyu hajakosa bidii; alivumilia hasara hadi fedha zikaisha.

Ametoka kwenye kundi ghafla lakini bado anatumia bidhaa: ana dukuduku. Labda mwenzake alimchukulia mteja, labda bonasi ilipungua na hakuna aliyemweleza, labda alifokewa mbele za watu.

Kisha wapo waliopatwa na maisha, kama ugonjwa, uzazi, msiba au kazi mpya, na wapo waliojisajili kwa ajili ya punguzo la bei tu. Hawa wa mwisho si wa kuamshwa. Ni wateja, tena wazuri. Kama kampuni ina daraja la mteja wa kudumu, wahamishie huko na uache kuwahesabu kama wafanyakazi.

Andika dhana yako pembeni ya kila jina kwa penseli. Simu itaisahihisha.

Hatua ya 3: Simu ya kwanza

Tanguliza ujumbe mfupi, wa jina lake na hali yake. Mfano:

"Habari za siku nyingi, dada. Sikutafuti kwa ajili ya oda wala semina. Nimepitia orodha yetu nikaona hatujazungumza tangu ule mwezi wa mvua, na kosa ni langu. Ningependa kujua unaendeleaje na biashara ilikuishia wapi. Nikupigie leo jioni au kesho?"

Mpokeaji ni mkubwa kwako kiumri? Anza na shikamoo, mwite mama au mzee, na uombe nafasi badala ya kupanga saa. Cheo cha kwenye mfumo hakifuti umri. Vijana wengi walio juu kwenye mtandao huwapoteza watu wazima kwa kuwasemesha kama msimamizi anavyomsemesha kibarua, kisha wanashangaa kwa nini tiki zinageuka bluu na jibu haliji.

Asipojibu, piga baada ya siku tatu. Asipopokea, jaribu mara moja zaidi baada ya siku kumi. Hapo ishia.

Akipokea, salimiana kama watu, kisha uliza maswali manne tu:

1. Ulipojiunga, ulikuwa unataka nini hasa?
2. Ni lini uliona mambo hayaendi, na kulitokea nini siku hizo?
3. Sasa hivi una bidhaa gani ndani ambazo hazijauzwa?
4. Ni kitu gani nilipaswa kukufanyia na sikufanya?

Baada ya swali la nne, nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu na utatamani kukijaza. Usijitetee hata akikosea tarehe au kukutwika lawama ya kampuni. Andika maneno yake kama anavyoyasema, maana "niliona aibu kwa shemeji" na "sikuwa na muda" ni magonjwa mawili tofauti ingawa yote yanaishia kwenye kutouza.

Jibu utakalolisikia zaidi ni "niko bize". Usilipinge. Uliza: "Bize kwa muda, au umeshaiweka pembeni? Yote mawili ni sawa, nataka tu nijue nikusaidieje." Mtu akisikia kwamba kuacha kunaruhusiwa, husema ukweli. Na wengine, wakishasema ukweli, ndipo wanapogundua kwamba hawajaacha.

Simu hii haina mauzo, haina kiungo cha kujiunga na kikao cha Zoom, haina hadithi ya fulani aliyepanda ngazi kwa miezi mitatu. Ifunge kwa kuomba kikao cha dakika 45, na kama amekueleza dukuduku, mwambie siku utakayomletea jibu. Dukuduku hutatuliwa kabla ya kikao. Kama ni bonasi, fungua mpango wa malipo, tafuta kifungu, mhesabie mstari kwa mstari. Kama ni mteja aliyenyakuliwa, mrudishe mteja. Bila hilo, hatua zinazofuata ni kupoteza muda.

Hatua ya 4: Kikao cha hesabu

Hapa ndipo viongozi wengi hukwepa, kwa sababu hesabu ikiwekwa wazi huwahukumu na wao pia. Lakini aliyelala tayari anajua amepata hasara. Asichokijua ni imetokea wapi na kama inazuilika.

Chukua karatasi, gawa safu mbili: iliyotoka na iliyoingia, kwa miezi mitatu ya mwisho aliyofanya kazi. Iliyotoka ni pamoja na bidhaa, ada ya uanachama, nauli, bando, viingilio vya semina na zawadi alizogawa. Iliyoingia ni fedha taslimu ya wateja na bonasi iliyofika mkononi, basi. Madeni ya wateja yaandikwe chini, mbali.

Kisha mwonyeshe hesabu ya mwezi mmoja. Tuseme pointi za mwezi zinamtaka anunue bidhaa za fedha 100, na bei ya rejareja ni 125. Akiuza zote, anapata faida ya 25. Akiuza theluthi mbili, anapokea kama 83. Amepungukiwa na 17. Ili fedha yake irudi bila faida wala hasara ni lazima auze asilimia 80 ya alichonunua. Ukiongeza nauli na bando za 10, kiwango kinapanda hadi asilimia 88. Sasa rudi kwenye daftari lake: aliuza asilimia ngapi? Ukikuta ni 40, usizungumzie mtazamo chanya. Zungumzia ukubwa wa oda na idadi ya wateja.

Tumia asilimia za kampuni yenu, maana zinatofautiana. Na usiweke bonasi ya timu kwenye hesabu ya mtu ambaye hana timu inayouza.

Kipimo cha kuuza kwa watu wa nje ya timu hakijabuniwa hapa. Katika uamuzi wa mwaka 1979 kuhusu Amway, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilizingatia kanuni ambazo kampuni hiyo ilikuwa nazo: msambazaji auze angalau asilimia 70 ya anachonunua kila mwezi, na awe amewauzia wateja 10 tofauti ndipo apate bonasi. Mwaka 2016 Herbalife ilikubaliana na tume hiyohiyo kulipa dola milioni 200 na kupanga upya malipo yake nchini humo, ili angalau theluthi mbili ya zawadi zitokane na mauzo ya rejareja yaliyothibitishwa. Timu isiyo na wateja wa nje ina tatizo kubwa kuliko uvivu wa mtu mmoja.

Mwisho wa kikao weka njia tatu mezani: kurudi kufanya kazi kwa majaribio ya siku 14, kubaki mteja, au kuondoka. Ziseme kwa sauti moja, bila kuipamba ya kwanza. Akitaka kufikiri, mpe siku mbili na tarehe ya jibu.

Usimwahidi kipato. Watumishi wa tume hiyo ya Marekani walipopitia matamko 70 ya mapato ya kampuni za mtandao, katika ripoti ya mwaka 2024, walikuta kwamba washiriki wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, kabla hata ya kutoa gharama zao. Ukisema kiasi kikubwa ili kumwamsha, atalala tena mwezi ujao, na safari hiyo hatapokea simu.

Hatua ya 5: Siku 14 za majaribio

Masharti ni mawili. Hakuna oda mpya, na hakuna kusajili mtu. Apulaini wengi watalalamika kuhusu la kwanza kwa sababu pointi za mwezi zitakosekana. Ziache zikosekane. Mtu anayeanza upya kwa deni jipya hajaanza upya.

*Siku ya 1 na 2: mali iliyopo.* Atoe kila kitu kabatini apange mezani, na mkiwa mbali akupigie picha. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi, ambayo kwa kawaida huwa imegongwa chini ya kopo au kwenye mkunjo wa tyubu, kwa herufi ndogo zinazofutika kwa vumbi na vidole. Tengeneza mafungu matatu: zilizopita tarehe, ambazo haziuzwi wala kugawiwa, zilizobakiza chini ya miezi mitatu, ambazo zinakwenda kwanza na mteja anaambiwa tarehe waziwazi, na zilizo salama. Zilizofunguliwa ni za kuonjesha au kujaribisha. Kama anataka kushusha bei, soma kwanza masharti ya kampuni, hasa kuhusu matangazo ya mtandaoni.

*Siku ya 3: majina ishirini.* Orodha ya watu mia ni adhabu kwa aliyekwisha kukataliwa. Aandike ishirini katika safu tatu: waliowahi kununua kwake, waliowahi kuuliza, na wanaotumia bidhaa ya aina hiyo kutoka kwingine. Ndugu waliomcheka wasiwemo.

*Siku ya 4 hadi ya 10: watu watatu kwa siku.* Anaanza na waliowahi kununua. Ujumbe usiwe tangazo la kukopi. Uhusu bidhaa ambayo mtu huyo aliitumia: "Habari za leo, mama. Ile sabuni ya unga uliyochukua kwangu iliendaje kwenye zile shuka nyeupe? Nimebakiwa na pakiti nne, nikauliza kwako kwanza." Tabasamu la zamani la mteja mmoja lina kazi kubwa kuliko mabango matano. Majina ishirini yataisha siku ya 10, na katikati atapata majina mapya kutoka kwa hao hao.

Katika mauzo matatu ya kwanza mkae pamoja, ana kwa ana au kwa simu ya watu watatu. Ya kwanza unazungumza wewe, yeye anasikiliza. Ya pili mnagawana: yeye anafungua, wewe unajibu maswali magumu. Ya tatu anazungumza yeye mwanzo hadi mwisho, na wewe unafunga mdomo hata akisahau jambo. Kiongozi anayedakia kwenye ya tatu huuza bidhaa moja na kumpoteza muuzaji.

Kila jioni akutumie namba tatu, hakuna maelezo: waliozungumza naye, walioonyesha nia, walionunua. 3/1/0 ni siku nzuri. Namba hizi zinasoma ugonjwa haraka:

- 3/0/0 siku nne mfululizo: tatizo ni maneno ya kufungulia au safu ya majina. Mwombe akutumie ujumbe kama alivyouandika.
- 3/2/0 mara kwa mara: watu wanataka, ila wanakwama kwenye bei au swali asilolijibu. Fanyeni mazoezi ya majibu hayo mawili, dakika kumi.
- 0/0/0 siku mbili: piga simu, uliza kuna nini. Usitume namba za wenzake kumlinganisha.

*Siku ya 11 hadi ya 14: kufikisha na kufuatilia.* Bidhaa ifike siku iliyoahidiwa. Siku tatu baadaye anamuuliza mteja kama ameanza kuitumia na kama amepata shida yoyote, kisha anaandika tarehe ambayo bidhaa inakadiriwa kuisha. Pakiti inayotumika siku 30, simu inapigwa siku ya 24. Wasambazaji wengi hukosea hapa: wanampigia mteja ikiwa imeshaisha wiki mbili na amenunua ya dukani.

Lengo la siku 14 ni wateja wawili waliolipa, na mmoja wao aliyetaja lini atahitaji tena. Akilifikia, oda ijayo iwe ya kile ambacho wateja wameshaagiza pamoja na akiba kidogo. Asipolifikia lakini namba za kuzungumza zipo kila siku, mwongeze siku 14 nyingine na ubadilishe safu ya majina. Asipozungumza na mtu, amekwisha kukujibu.

Kundi la WhatsApp

Kundi kubwa halimwamshi mtu, ila linaweza kumlaza. Ujumbe 60 kwa siku, nusu yake nukuu za alfajiri, humfanya aliyekwama azime sauti. Weka ujumbe mmoja wa taarifa kwa siku, na waliomo kwenye majaribio wawe na kundi lao dogo la watu 4 hadi 6 ambapo namba tatu za jioni zinatumwa. Wakiwa wachache kila mtu anaonekana, lakini hadhira ya kumfedhehesha haipo.

Pongezi ziwe za kitendo, tena kwa undani: "Amempigia mteja wa mwezi wa nne na kupata oda ya pakiti mbili" inafundisha, "hongera shujaa" haifundishi. Usitaje majina ya waliolala, hata kwa utani. Na picha za malipo ya walio juu, mbele ya watu wenye hasara, ni chumvi kwenye kidonda.

Mashindano hayana nguvu kama yanavyosifiwa, kwani mshindi ni yuleyule kila mara. Ukiyaandaa, shindanisha vitendo, kwa mfano mazungumzo 15 kwa wiki, na kila anayefikisha apate. Zawadi isidai mtu anunue kitu kwanza.

Anayeondoka

Akichagua kuondoka, msaidie kuondoka vizuri. Kanuni za maadili za Shirikisho la Dunia la Vyama vya Mauzo ya Moja kwa Moja zinazitaka kampuni wanachama zinunue tena bidhaa zinazouzika ambazo msambazaji alizinunua ndani ya miezi 12, kwa gharama yake ya awali, zikikata ada isiyozidi asilimia 10. Tazama mkataba wa kampuni yenu: muda ni upi, bidhaa ziwe katika hali gani, risiti zipi zinatakiwa, nani analipia usafirishaji. Jazeni fomu pamoja.

Katika mipango mingi bonasi uliyolipwa kwa oda hiyo hukatwa bidhaa zikirudishwa. Ndiyo maana apulaini wengi hukaa kimya kuhusu haki hii. Mtu akiigundua mwenyewe baada ya muda kupita, atawaeleza wote anaowafahamu, na hutakuwa na haki ya kumlaumu.

Kisha fuata matakwa yake. Aliyesema "sio sasa" aandikiwe siku 90 mbele. Aliyesema "hapana" atolewe kwenye orodha ya kupigiwa na kwenye makundi yote.

Mambo yanayoharibu kazi yote

Kumnunulia mtu pointi ili aonekane hai. Ngazi inashikiliwa kwa mwezi mmoja, yeye hajauza kitu, na mwezi ujao pengo ni lilelile pamoja na deni lako. Kampuni nyingi hulihesabu kama udanganyifu.

Kumwekea watu chini yake kama zawadi. Inasikika kama ukarimu, lakini anayepewa mguu (tawi la timu) uliojaa bila kuujenga hana sababu ya kuamka, na wale uliowaweka wanajikuta chini ya mdhamini asiyejua lolote. Unaumba upya tatizo la hatua ya kwanza.

Kumkopesha mtaji wa oda. Baada ya hapo kila simu yako ni ya mdai.

Kumtisha kwa kufutwa jina, au kumwambia imani yake ni ndogo. Atanunua mara moja kwa woga. Kumshauri aache ajira ili "ajitoe kikamilifu" ni kosa kubwa zaidi ya hayo yote. Mtu asiye na mshahara huuza kwa papara, na wateja hunusa papara.

Kumpa madai ya kiafya ya kumrahisishia mauzo. Bidhaa isiyosajiliwa kama dawa haisemwi kwamba inatibu. Anayebanwa na mteja mgonjwa baadaye ni yeye, huku wewe ukiwa mbali.

Wapya wasilale

Usimsajili mtu kabla hamjaandika tarehe na saa ya kikao cha kwanza, ndani ya saa 48 tangu ajiunge. Katika kikao hicho mnafungua kifurushi, mnapitia mpango wa malipo kwa hesabu ya fedha 100 ileile, na mnaandika majina ishirini. Wiki ya kwanza mnafanya mauzo matatu ya pamoja kwa mpangilio uleule. Oda ya pili haifanywi mpaka theluthi mbili ya kifurushi iwe imeuzwa kwa watu wa nje. Siku ya 30 mnakaa na karatasi ya safu mbili, iliyotoka na iliyoingia. Kama iliyoingia ni ndogo, punguzeni oda ya mwezi wa pili siku hiyohiyo, kabla hajaanza kununua pointi siku za mwisho wa mwezi.